Jakpoti imefika milioni 312: je, inakaribia kutema?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi, niko Morogoro. Kuna sloti naicheza kwenye simu, ina jakpoti inayopanda. Nilipoianza mwezi wa tatu ilikuwa milioni 190, leo iko milioni 312 na haijaanguka. Mshikaji wangu anasema ikishapanda hivyo inakaribia kutema, na wanaoweka dau kubwa ndio inaowatemea. Mimi nazungusha kwa 500. Nikiingia na elfu kumi na tano inakata ndani ya nusu saa, ila mara nyingi picha za jakpoti zinakuja mbili, ya tatu inapita kidogo tu. Nimefikiria nichukue mkopo wa laki tano kwenye simu nizungushe kwa 2,000 kabla mwingine hajaiwahi. Niambie ukweli, nafasi yangu ni ipi?

Marahaba, mdogo wangu. Nianze na mkopo, maana ndio wenye haraka: usiuchukue. Kama bado hujabonyeza, funga hiyo programu ya mikopo usome kwanza haya. Ni marefu, lakini umeniuliza namba, na namba hazielezeki kwa mstari mmoja.

Sasa hivi nafundisha takwimu. Kabla ya kushika chaki nilifanya kazi miaka minne ya ufundi wa mashine za sloti katika kasino moja Dar es Salaam. Nimezifungua mashine hizi kwa mikono yangu, nimebadilisha mota, nimesafisha vumbi kwenye bodi zake, na nimesimama nyuma ya watu wengi waliokuwa wakiniambia maneno yale yale ya mshikaji wako. Simlaumu. Kwa jinsi mashine inavyojionyesha kwa nje, anachokisema kinaingia akilini kabisa.

Twende kwenye nafasi yenyewe. Watengenezaji wengi wa jakpoti za mtandaoni hawaandiki popote kwamba nafasi ya kuipata ile kubwa ni moja kati ya ngapi. Ukurasa wa kanuni utakupa asilimia ya marejesho, utakueleza picha gani inalipa kiasi gani, na hapo utaishia. Kwa hiyo nitaazima mfano ambao hesabu yake inajulikana. Megabucks ni jakpoti ya jimbo la Nevada, Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1986 na IGT, kampuni inayotengeneza mashine za sloti. Mashine zake zimetapakaa kwenye kasino nyingi za jimbo hilo na zote zinachangia kapu moja. Nafasi ya kuipata inayotajwa na wanaofanya hesabu za michezo hii ni moja kati ya 49,836,032. Namba hiyo haikuokotwa. Ni 368 mara 368 mara 368: magurudumu matatu, kila moja likiwa na nafasi 368 za kusimama, na katika hizo 368 ni moja tu yenye picha ya jakpoti.

Milioni 49 na ushee ni namba ambayo ulimi unaitamka lakini akili haiioni. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu milioni 47.6, kwa hiyo ni zaidi ya kumtafuta mtu mmoja katika Wakenya wote wa mwaka ule. Darasani natumia mchele. Niliwahi kuwagawia wanafunzi mchele wahesabu punje 1,000 na kuzipima kwenye mizani ya maabara, zikatoka gramu 20 hivi. Maana yake kilo moja ina punje kama 50,000, na punje milioni 49.8 ni karibu tani nzima: magunia kumi ya kilo mia. Yapange magunia hayo sebuleni. Chukua punje moja, ipake wino, ichanganye humo. Halafu fumba macho, ingiza vidole viwili, toa punje moja. Huo ndio mzunguko wako mmoja.

Jambo la pili, na ndilo linalomjibu mshikaji wako. Punje uliyoitoa ikiwa nyeupe, haitupwi. Inarudishwa guniani humo, na mchele wote unakorogwa upya kabla hujaingiza vidole tena. Mashine haina mahali inapoweka kumbukumbu kwamba imekaa miezi mingapi bila kutoa. Ndani yake kuna programu inayozalisha namba nasibu, yaani zisizotabirika, mfululizo, maelfu kila sekunde, hata wakati hakuna anayecheza. Ukibonyeza, inachukuliwa ile namba iliyopo sekunde hiyo hiyo, na matokeo yameshaamuliwa kabla picha hazijaanza kuzunguka. Jakpoti ingekuwa imeanguka jana usiku ikarudi kwenye kianzio chake, nafasi yako leo asubuhi ingekuwa ile ile. Isipoanguka miaka miwili, ni ile ile.

Ndiyo maana hata mtu angezungusha mara 49,836,032 kamili, bado hana uhakika. Kwa kuwa punje zinarudishwa, kuna nafasi ya asilimia 37 hivi kwamba amalize mizunguko yote hiyo bila kuigusa ile yenye wino. Na mizunguko hiyo ni muda gani? Mizunguko 10 kwa dakika, saa mbili kila siku bila kukosa hata sikukuu, ni 438,000 kwa mwaka. Gawanya. Utapata miaka 113 na miezi kadhaa.

Sasa ile namba inayopanda inakuambia nini? Inakuambia kitu, ila si kile unachodhani. Umesema ilikuwa 190, sasa 312. Imeongezeka milioni 122. Tuseme mchezo wako unapeleka kwenye kapu shilingi mbili katika kila mia ya dau. Ili kapu lipate milioni 122, wachezaji wameweka madau ya shilingi bilioni 6.1. Kwa dau la 500 ni mizunguko milioni 12.2, na wote waliozungusha wameikosa. Namba ile ni kama mita ya maji: inahesabu yaliyokwisha kupita bombani. Huwezi kuitazama mita ukajua maji yatakatika lini.

Hizo shilingi mbili katika mia hazitoki mfukoni mwa kampuni. Zinatoka kwenye marejesho yako, na hapa naomba utulie kidogo, kwa sababu hiki ndicho kinachokula hiyo elfu kumi na tano yako kila jioni.

Kila sloti ina asilimia ya marejesho, ile inayoandikwa kwa herufi RTP kwenye kanuni. Sloti nyingi za kawaida za mtandaoni zinarudisha kama 95 au 96 katika kila mia, kwa wastani wa muda mrefu. Zenye jakpoti kubwa inayopanda mara nyingi ziko chini. Mega Moolah, mojawapo ya zilizotajirisha watu duniani, marejesho yake ya msingi ni asilimia 88.12. Katika inayobaki, nyingine imekwenda kwenye kapu, nyingine ni ya kampuni. Ukicheza bila kuipata jakpoti, na karibu kila mtu anacheza bila kuipata, mchezo unaoucheza kweli ni huo wa 88.

Watu husoma 88 wakaelewa kwamba wakiingia na elfu kumi na tano watatoka na elfu kumi na tatu na mia mbili. Ingekuwa hivyo kama ungezungusha mara 30 tu ukafunga simu. Lakini wewe, kama sisi wote, ukishinda 2,000 unazirudisha. Elfu kumi na tano ikipita mara moja kwenye mashine inabaki 13,200. Ikipita tena, 11,616. Tena, 10,222. Kwa wastani kila mzunguko wako wa 500 unakugharimu shilingi 60. Kwa shilingi 60 kila mzunguko, 15,000 inatosha mizunguko 250, na kwa mizunguko 10 kwa dakika hizo ni dakika 25. Wewe mwenyewe umeandika nusu saa. Hukuandamwa na bahati mbaya, mdogo wangu, wala simu yako haina kasoro. Mchezo ulikuwa unafanya sawasawa na ulivyoundwa.

Nalisisitiza hili kwa sababu wengi wakishapoteza huanza kusema wameibiwa, kwamba kuna mtu ofisini anabonyeza. Michezo ya kampuni zenye leseni hupimwa na maabara za kujitegemea, namba nasibu zake huchunguzwa, na marejesho yake hulinganishwa na yaliyoandikwa. Hesabu halali inamtosha mwenye mchezo. Anayeamini ameibiwa huhama kampuni akaendelea kucheza, na kule anakutana na hesabu ile ile.

Basi tuweke jakpoti yako mezani. Tukiazima ile nafasi ya moja kati ya 49,836,032 na marejesho ya 88, milioni 312 inaongeza kwenye kila mzunguko wako wa 500 thamani ya shilingi sita na senti 26. Unapoteza 60, unarudishiwa sita kwa njia ya matumaini. Ili jakpoti peke yake ifidie zile 60, ingebidi ifike kama bilioni 3, karibu mara kumi ya ilivyo leo. Na hata ikifika huko, hesabu hiyo inamfidia mtu mwenye pesa na miaka ya kuzungusha milioni 49. Wewe una jioni moja na laki tano za mkopo.

Tuzipime hizo laki tano kwa mchele. Dau la 500 linanunua punje moja. Mshikaji wako anasema dau kubwa ndilo linalotemewa. Katika michezo mingi ya aina hii ni kweli kwamba dau la 2,000 linaongeza nafasi, lakini linaongeza kwa kadiri ya ukubwa wake: linanunua punje nne kwa bei ya punje nne. Laki tano kwa 2,000 ni mizunguko 250, sawa na punje 1,000. Gramu 20. Konzi ndogo isiyojaa, kutoka magunia kumi. Ukirudisha kila unachoshinda mpaka ziishe kabisa, kwa wastani utakuwa umezungusha madau ya milioni 4 na laki moja na ushee, sawa na punje kama 8,300, gramu 167. Robo kilo haifiki. Nafasi moja kati ya karibu 6,000 ya kuikuta ile yenye wino, na zaidi ya 5,990 kati ya hizo 6,000 zinaishia kwenye akaunti tupu na deni lenye riba inayohesabiwa kwa siku.

Tena kuna michezo ambayo dau halibadilishi nafasi ya jakpoti hata kidogo. Katika hiyo, anayeweka 2,000 analipa mara nne kwa punje ile ile moja. Na iko mingine ambayo chini ya dau fulani huna nafasi kabisa: kwenye mashine za Megabucks za dola moja, sharti uweke dola tatu kamili, ukiweka pungufu zikaja picha tatu za jakpoti hupati ile kubwa. Kanuni za mchezo wako zinasema uko kundi gani. Zisome.

Sasa zile picha mbili na ya tatu kupita kidogo. Hili linaniuma zaidi kuliko yote, kwa sababu nimeliona usiku kwa usiku likiwarudisha watu kitini.

Mwanzoni mashine hizi zilikuwa za chuma na springi. Ile maarufu ya Charles Fey wa San Francisco, ya miaka ya 1890, ilikuwa na magurudumu matatu yenye nafasi kumi kila moja: 10 mara 10 mara 10, mipangilio 1,000. Zawadi yake kubwa ilikuwa senti 50, na isingeweza kuwa kubwa sana, maana mara 1,000 si mbali. Baadaye magurudumu yakawa na nafasi 22. Hiyo inatoa mipangilio 10,648, na bado huwezi kuahidi mamilioni ya dola kwa tukio linalotokea mara moja katika 10,648, kasino ingefungwa. Ungetengeneza gurudumu lenye nafasi 368, lingekuwa kubwa kuliko meza ya kulia chakula.

Aliyelitatua ni Inge Telnaes, aliyepata hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, ya Marekani mwaka 1984. Wazo lake ni kwamba gurudumu unaloliona liendelee kuwa dogo, lakini uamuzi ufanywe na gurudumu lingine lisiloonekana, lililomo kwenye programu, lenye nafasi nyingi kadiri mtengenezaji anavyotaka. Kila nafasi ya lile lisiloonekana inaelekezwa kwenye picha fulani ya lile linaloonekana. Nafasi tupu inaweza kupewa namba tano, sita. Picha ya jakpoti inapewa moja.

Siku ya kwanza kuelekezwa hili na fundi mkubwa wangu, alifungua mlango wa mashine, akazungusha gurudumu kwa kidole mpaka picha ya jakpoti ikasimama katikati ya mstari. Akaniambia nihesabu: nafasi 22, ya jakpoti moja. "Mteja naye anahesabu hivi hivi," akasema, "anadhani ni moja kati ya 22." Kisha akatoa karatasi ya jedwali la mashine ile. Gurudumu lisiloonekana lilikuwa na namba 64. Jakpoti ilikuwa na namba moja. Ile nafasi tupu ya juu yake ilikuwa na namba tano, ya chini yake sita. Gurudumu likisimama kwenye mojawapo ya hizo tupu, picha ya jakpoti inaonekana kwenye kioo, nywele tu juu au chini ya mstari. Kwa hiyo kwa kila mara moja jakpoti inapokaa mstarini, unaiona mara kumi na moja ikiwa imepita kidogo. Nilisimama pale na ile karatasi nikiwakumbuka watu waliokuwa wakipiga kioo usiku uliotangulia, wakisema imebaki kidogo, imebaki kidogo.

Haikuwa imebaki kidogo. Namba iliyochaguliwa ilikuwa ya nafasi tupu, na nafasi tupu iliyo jirani na jakpoti ni tupu kama iliyo mbali nayo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 huko Nevada ilibainika kampuni moja iliyokwenda mbali zaidi: mashine zake zikishaamua kwamba umekosa, zinachagua makusudi mpangilio wa picha unaofanana na kukaribia. Mwaka 1989 wasimamizi wa michezo ya kubahatisha wa jimbo hilo waliupiga marufuku utaratibu huo. Lakini mpango wa Telnaes wa kuipa nafasi jirani namba nyingi ulibaki halali. Kwenye simu yako hakuna hata gurudumu la chuma; kila kinachopita ni picha iliyochorwa, na mpangilio wake ni wa aliyeichora.

Hata mashine za dubwi mnazoziona baa na vibandani ni za ukoo huu huu, ila kule mara nyingi hakuna hata ukurasa wa kanuni wa kusoma.

Nimemsema mshikaji wako muda wote, lakini haki yake nimpe, maana kuna aina moja ya jakpoti ambayo maneno yake ni ya kweli. Ni zile zilizowekewa dari. Zinaandikwa wazi kwamba lazima zianguke kabla ya kufika kiasi fulani, au kabla ya saa fulani ya siku. Katika zile za kiasi, kompyuta huchagua kwa siri namba moja kati ya kianzio na dari, na mzunguko utakaolifikisha kapu kwenye namba hiyo ndio unaoshinda. Hapa gunia halirudishiwi punje: kila punje nyeupe ikitoka, zinazobaki zinapungua.

Chukua jakpoti yenye dari ya milioni 10, inayokula shilingi moja katika kila mia ya dau, na sasa imefika milioni 9.9. Imebaki laki moja. Dau lako la 500 linaisogeza kwa shilingi tano, kwa hiyo una nafasi moja kati ya 20,000 ya kupata karibu milioni 10. Thamani ya nafasi hiyo ni shilingi 495 juu ya dau la 500, na hapo kweli hesabu imeegemea upande wa mchezaji. Kwa marejesho ya 88 inaanza kumwegemea ikivuka kama milioni 9.23. Wapo watu Marekani wanaoishi kwa kuzizungukia kasino wakitafuta mashine zilizokaribia dari namna hii.

Usilichukue hilo ukakimbia nalo. Moja kati ya 20,000 ina maana kwamba ukiingia na laki moja, mizunguko 200, katika watu 100 wanaofanya kama wewe 99 wanarudi bila hiyo jakpoti. Wanaoishi kwa kazi hiyo wana mtaji wa kukosa miezi. Tena hesabu yangu inadhani namba ya siri inaweza kuwa popote kwa usawa kati ya kianzio na dari, na si lazima mtengenezaji awe amefanya hivyo. Zaidi ya yote, jakpoti yako ya milioni 312, kwa ulivyoieleza, haina dari. Ingekuwa nayo wangeiandika kwa herufi kubwa, maana inavuta watu. Mshikaji wako amechukua kanuni ya mchezo mmoja akaipeleka kwenye mchezo mwingine.

Na hao walioshinda je? Wapo. Jakpoti kubwa kuliko zote za Megabucks, dola milioni 39.7, ilianguka Machi 2003 kwenye kasino ya Excalibur, Las Vegas, kwa mhandisi wa programu wa miaka 25 aliyekuwa ameweka kama dola 100 tu. Mwaka 2015 mwanajeshi mmoja wa Uingereza alipata zaidi ya pauni milioni 13 kwenye Mega Moolah kwa mzunguko wa peni 25. Watazame vizuri. Kilichowapa si mkopo, wala kuivizia miezi minne ikipanda. Punje yenye wino iliangukia vidoleni mwao, kama ambavyo ingeweza kumwangukia yeyote aliyebonyeza sekunde ile. Gazeti halina nafasi ya kuwaandika wale wengine milioni 49.

Wapo pia wanaoniuliza kama jakpoti za mpira ni afadhali. Ile ya mechi 17 ya SportPesa iliyompa kijana mmoja wa Kenya shilingi milioni 221 za Kenya mwaka 2017, ukibashiri kwa kubahatisha tu, ina mipangilio 129,140,163: kila mechi ina matokeo matatu, kwa hiyo ni 3 mara 3 mara 3, hivyo hivyo mpaka zitimie tatu 17. Anayezijua timu anapunguza namba hiyo kiasi, hilo sikatai. Kwenye sloti isiyo na dari hakuna unachoweza kukijua kikakusaidia.

Sasa kazi nakupa, na si ngumu kwa mtu anayesoma ramani ya umeme ya kiyoyozi. Kwenye huo mchezo bonyeza alama ya maelezo, shuka hadi mwisho. Tafuta mambo matatu. Marejesho ni asilimia ngapi, na je hiyo asilimia inahesabu jakpoti ndani yake au la; wengine huandika 93 au 94 na ndani yake wameshaingiza jakpoti ambayo hutaiona. Je, dau linabadilisha nafasi ya jakpoti? Na kuna dari popote? Nitumie picha ya ukurasa huo, nitakufanyia hesabu ya mchezo wako wenyewe badala ya hii ya kuazima.

Na kuhusu elfu kumi na tano. Ukiipoteza jioni tatu kwa wiki ni 45,000, karibu laki mbili kwa mwezi. Hukuniambia una familia au huna, nami sitakuuliza. Ila kama ukiisoma namba hii moyo unakuambia leo uweke kidogo kurudisha zilizokwenda, basi ingia kwenye mipangilio ya akaunti yako. Kampuni nyingi zenye leseni zina sehemu ya kuweka kikomo cha kuingiza pesa kwa siku, na ya kujifungia akaunti kwa muda unaouchagua mwenyewe. Anza na miezi mitatu. Fanya hivyo asubuhi, kabla ya kazi, wakati kichwa kimetulia. Namba yangu unayo. Ukishafunga niandikie, hata kama ni saa sita usiku.